Jirani anashuhudia alilindwa, mama yangu tope lilimchukua. Nimwamini Mungu vipi?

BARUA

Shikamoo Mama.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Hanang, mkoani Manyara. Nimeokoka tangu nikiwa binti na sijawahi kuacha kanisa. Naandika kwa sababu nina swali ambalo nikiliuliza kanisani naambiwa nakufuru.

Bila shaka unaikumbuka Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh na vijiji vya jirani. Mvua ilikuwa imenyesha sana usiku. Alfajiri tulisikia muungurumo, mume wangu akadhani ni malori. Alipofungua mlango aliona tope linakuja na mawe na magogo. Tulibeba watoto tukakimbilia juu. Mama yangu mzazi alikuwa analala kwenye nyumba ndogo chini yetu, upande wa korongo, na tope lilikuwa limeshapita hapo kabla hatujajua kinachoendelea.

Mama alikuwa mtu wa maombi. Kila siku aliamka kukiwa bado giza, akajifunga kitenge kichwani, akapiga magoti kando ya kitanda. Alipopatikana kesho yake, kitenge kilikuwa bado kimefungwa. Alikuwa anasali, Mama. Na mlangoni kwake alikuwa amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, Zaburi ya 91: "Mabaya hayatakupata wewe, wala tauni haitaikaribia hema yako." Ule mlango hatujauona mpaka leo.

Jirani yetu nyumba yake ilibaki. Tope lilifika pale likagawanyika, likapita huku na huku. Tangu hapo anashuhudia kanisani kwamba walipona kwa sababu usiku ule walikesha wakiomba na kuifunika nyumba kwa damu ya Yesu. Watu wanashangilia, mapambio yanapigwa, na mimi nainamisha kichwa nijifanye natafuta kitu kwenye mkoba. Siku hizi wakitangaza muda wa shuhuda natoka nje na mtoto mdogo. Jirani huyu si mtu mbaya. Tulipohifadhiwa shuleni ndiye aliyetuletea ugali na maziwa, na mumewe alishika koleo akamtafuta mama yangu mpaka mikono ikachubuka. Ndiyo maana siwezi hata kumkasirikia.

Amekuja pia mtumishi mmoja anayeitwa nabii. Anasema mama alikufa kwa sababu ya madhabahu ya ukoo wetu, isipovunjwa nitafuata mimi au mwanangu. Anataka laki tatu ya sadaka ya ukombozi, halafu atatupa mafuta ya kupaka kwenye miimo ya mlango. Dada yangu ameshaanza kuchanga.

Na mume wangu. Tumejenga tena palepale kando ya korongo. Mwenyekiti ametuonya, shemeji yangu ametutengea kiwanja upande wa juu, bure kabisa, lakini mume wangu hataki. Anasema kuhama ni kumwambia Mungu hatumwamini, kwamba aliyetulinda mara ya kwanza atatulinda tena. Mwanangu wa pili ana miaka tisa. Mvua ikianza kupiga bati usiku anaamka, anavaa viatu, anakaa karibu na mlango. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo.

Nifanye nini, Mama? Na je, mama yangu hakulindwa?

Mama wa Watatu, Hanang

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba wa mama. Najua muda umepita, lakini kwa jinsi ulivyoandika naona watu walikupa pole ya siku za matanga tu, kisha wakataka uwe tayari kuitikia Amina.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu nabii na mumeo wote wawili wamesimama juu yake. Unauliza kama mama yako hakulindwa. Nadhani chini yake kuna swali jingine ambalo hukuthubutu kuliandika: kama waliokesha walipona, basi yule aliyekufa aliomba vibaya? Au imani yake ilikuwa na kasoro tusiyoijua? Hapana, mwanangu. Na sisemi hapana ili kukutuliza. Nasema kwa sababu jambo lililokupata wewe limo ndani ya Biblia, na Biblia haikulieleza hivyo.

Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 12. Mfalme Herode anamkamata Yakobo, ndugu yake Yohana, anamuua kwa upanga. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anatumia mstari mmoja tu. Kisha Herode anamkamata Petro. Kanisa linaomba kwa juhudi, malaika anakuja usiku, minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe, na Petro anakwenda kubisha hodi kwenye nyumba ya Mariamu, mama yake Yohana Marko, ambako watu wengi wamekusanyika wakisali. Ni kanisa lilelile na mfalme yuleyule, tena mitume wote wawili walikuwa wa karibu sana na Bwana. Hakuna mahali Luka anaposema kwamba Yakobo alikuwa na imani haba au kwamba kanisa lilizembea kumwombea.

Nikisoma hapo huwa namfikiria mama yake Yakobo. Ni yule mke wa Zebedayo, ambaye Mathayo anamtaja miongoni mwa wanawake waliokuwa pale Yesu aliposulubiwa. Biblia haisemi alikuwa wapi usiku ule Petro alipotoka gerezani. Lakini tuseme habari za malaika zilimfikia, na watu wanashangilia kama wanavyoshangilia kanisani kwenu. Angefurahi, kwa sababu Petro alikuwa kama wa nyumbani. Na angeumia. Vyote viwili kwa wakati mmoja, na hakuna hata kimoja ambacho kingekuwa dhambi. Wewe ndipo ulipo, mwanangu. Unamshukuru jirani kwa ugali na unaumia kwa ushuhuda wake, na unadhani mojawapo lazima liwe kufuru.

Sasa tuje kwenye ile karatasi ya mlangoni, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Zaburi ya 91 ni neno la Mungu na mama yako hakukosea kuibandika. Ila katika Injili, anayemsomea Yesu zaburi hiyo ni Shetani. Anamweka juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajitupe chini, maana imeandikwa malaika watamchukua mikononi mwao. Yesu anakataa. Na baadaye, akiwa msalabani, wakuu wa makuhani wanamdhihaki kwa hoja ileile: "Amemtegemea Mungu, na amwokoe sasa, kama anamtaka." Maneno hayo yanasema kwamba anayempendeza Mungu habaki msalabani. Ukiyasikia leo yamevaa nguo za ushuhuda, yatambue. Kama hoja ile ingekuwa kweli, Mwana wa Mungu mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kukosa ulinzi.

Isome zaburi hiyo mpaka mwisho. Mstari wa 15 Mungu anasema, "Nitakuwa pamoja naye taabuni." Hasemi hatakuwa na taabu. Kisha nenda Luka 21, ambako Yesu anawaambia wanafunzi wake kwamba baadhi yao watauawa, na mistari miwili tu mbele anasema, "Walakini hautapotea hata unywele mmoja wa vichwa vyenu." Mtu wa leo angesema hayo mawili yanapingana. Watauawaje halafu unywele usipotee? Lakini Yesu aliyasema pamoja, na kwangu mimi imani yote ya Kikristo kuhusu ulinzi imebebwa humo. Mungu anaweza kuuokoa mwili, na mara nyingi anauokoa. Asipouokoa, bado hajamwachia mtu wake. Paulo anapoorodhesha kwa Warumi vitu visivyoweza kututenga na upendo wa Mungu, anaanza na mauti.

Kwa hiyo nakujibu: mama yako alilindwa. Hakulindwa dhidi ya tope. Alilindwa na Yule aliyekuwa anazungumza naye wakati tope linaingia. Kwa nini jirani aliokolewa na mwili pia na mama yako hakuokolewa mwili, jibu la hilo familia ya Yakobo haikupewa, na mimi sitakutungia. Nina hofu na kila mtu anayekuja msibani na jibu la "kwa nini". Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walifanya vizuri. Walipoanza kueleza sababu ndipo mwishowe Mungu akawakasirikia.

Jirani yako akisema "Mungu alitulinda", anasema kweli na anastahili kushukuru. Akiongeza "kwa sababu tulikesha", hapo amevuka mpaka, na naamini hajui kama amevuka. Hajui kwa sababu hujamwambia. Nenda kwake siku ya kawaida, si Jumapili, si mbele ya watu. Umwambie kama ulivyoniambia mimi: alikuwa anasali, kitenge kilikuwa bado kichwani. Mtu ambaye mume wake alichubuka mikono akimtafuta mama yako atakusikia. Wala usiogope kutoka nje wakati wa shuhuda kwa sasa. Ila usitoke moja kwa moja mpaka nyumbani, maana huzuni ya peke yako nyumbani ni mbaya zaidi.

Wachungaji mnaosoma hapa, naomba mtie jambo hili moyoni. Katika maeneo yaliyopata maafa, kabla hamjampa mtu kipaza sauti ashuhudie kupona, angalieni nani amekaa kwenye benchi. Ibada yenye nafasi ya shuhuda iwe pia na nafasi ya kulia. Zaburi zimejaa vilio. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo ni ya 13. Ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika gizani, hakuna hata mstari mmoja wa kushangilia mwishoni, na bado iliwekwa kwenye kitabu cha nyimbo za watu wa Mungu. Mwanangu, hiyo ya 88 isome kwa sauti ukiwa peke yako shambani. Utaona kwamba hujakufuru.

Kuhusu huyo nabii nitasema kwa ufupi kwa sababu hastahili zaidi. Wataalamu wa serikali walieleza baada ya maafa yale kwamba haukuwa mlipuko wa volkano. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikashindwa kujishikilia, ikakatika na kushuka ikiwa tope. Ilikuwa vuli ya El Nino, mvua ilikuwa kubwa katika maeneo mengi ya nchi. Watu zaidi ya 80 walikufa, wa koo mbalimbali, wasali na wasiosali. Madhabahu ya ukoo wako yaliwaua na wa koo nyingine? Yesu aliletewa mfano wa namna hii. Alitaja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama mwadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: sivyo. Akawaambia wote watubu, wale waliosimama pale wakisikiliza, wala hakuwatafutia wafu kosa. Huyo nabii amefanya kinyume, ametafuta kosa kwa marehemu na bei kwa walio hai. Ongea na dada yako leo asitoe hata senti. Na yale maneno ya "utafuata wewe au mwanao" ni vitisho. Mtu akikutisha kwa jina la Yesu ili utoe pesa, una haki ya kumwambia mzee wa kanisa, na akizidi, mwenyekiti wa kijiji.

Sasa baba watoto. Hapa ndipo nataka usikie vizuri, kwa sababu hili lina tarehe: masika na vuli havisubiri tumalize mjadala wa imani.

Mumeo anasema kuhama ni kukosa imani. Mrudishe kwenye kile kinara cha hekalu. Kukaa mahali unapojua pana hatari na kumtaka Mungu atume malaika, hicho ndicho Shetani alichomwambia Yesu akifanye, na Yesu akajibu kwamba tusimjaribu Bwana Mungu wetu. Yusufu alipoambiwa Herode anamtafuta mtoto, hakubaki Bethlehemu akiifunika nyumba kwa maombi. Aliondoka usiku uleule kwenda Misri. Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Mithali 22 inasema mtu mwenye busara huyaona mabaya na kujificha. Na kuna sheria moja kwenye Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ambayo watu hawaihubiri: ukijenga nyumba mpya, weka ukuta wa kuzuia kando ya dari, yaani paa bapa walilokuwa wakipanda watu, mtu asije akaanguka ukaleta damu juu ya nyumba yako. Mungu aliyeahidi kulinda ndiye huyohuyo aliyeamuru ukuta ujengwe. Kiwanja alichokupeni shemeji ni cha kupokea kwa shukrani kama mlivyopokea uhai wenu alfajiri ile.

Lakini usimpelekee mistari hii yote kwa mpigo, atajiona anahukumiwa na mke wake. Tena nina wasiwasi kwamba imani si sababu yake yote. Eneo lile ni la baba yake? Pana makaburi ya wazee wake? Mwanaume aliyekimbia na watoto mikononi akashindwa kumfikia mama mkwe wake, pengine anaona akihama atakuwa amekimbia mara ya pili. Muulize hivyo, taratibu, watoto wakiwa wamelala: "Baba watoto, ni nini hasa kinakuuma tukiondoka hapa?" Halafu nyamaza. Mpe muda ajibu. Akikuambia ni ardhi, mweleze kwamba shamba halihami. Mnaweza kuendelea kulima palepale, kuchunga palepale, na kwenda kulala juu. Akikataa kabisa, mwombeni mzee wa kanisa anayemheshimu aje na shemeji yako, wakae wanaume watatu waongee. Wakati hilo linaendelea, mkubaliane angalau jambo moja: ikitangazwa mvua kubwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, au ikinyesha mfululizo, wewe na watoto mnakwenda kulala kwa shemeji usiku huo. Hilo asikukatalie.

Na mtoto. Nimesoma mara nyingi sentensi yako kuhusu viatu. Mtoto wa miaka tisa anayefanya hivyo anajilinda mwenyewe kwa sababu ameona watu wazima hawana mpango. Usimwambie "acha woga, Yesu yupo" na kumrudisha kitandani. Kaa naye pale mlangoni. Mwambie ukweli: ndiyo, tope lilikuja, ndiyo, bibi alikufa, hii mvua ya leo ni hivi, na ikizidi tutakwenda kwa baba mdogo, mkoba uko hapa. Mwonyeshe mkoba wenyewe, na tochi. Kisha salini pamoja kwa maneno mafupi, na yeye aseme anachoogopa kwa maneno yake, Mungu hataudhika. Siku za mchana mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au hospitali ya wilaya, ueleze hayo ya usiku. Wapo watu waliosomea kusaidia watoto waliopitia maafa, na kumpeleka kwao hakupunguzi maombi yako hata kidogo. Na wewe mwenyewe nenda naye, usikae nje kwenye benchi. Ingia uongee.

Anza na dada yako na zile laki tatu, maana hizo zinaweza kuondoka wiki hii. Mkizitaka zifanye kazi, zinunue mabati ya nyumba ya juu. Kwa mumeo, ukikwama niandikie tena, na kama ataridhia aniandikie yeye mwenyewe. Nitamjibu.

Mama yako katika Kristo